Maji Vuguvugu ya Maporomoko

Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa mchanga. Haukuwa mwingi, wa kushikwa kwa ncha za vidole tu, umetulia kitakoni ndani ya chupa ya plastiki yenye maji iliyofichwa nyuma ya mguu wa kitanda cha bibi. Mchanga wenyewe ulikuwa mweusi, na chupa ilipotikisika ulimetameta kama mkaa uliotwangwa.

Msichana alikuwa amepiga magoti, fagio mkononi. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule alifagia chumba cha bibi, akamwaga maji ya kunawia ya jana, akafungua dirisha, kisha akamletea bibi chai isiyo na sukari. Bibi aliinywa chai hiyo huku amekunja uso, akisema kwamba aliyewaambia madaktari kuwa chai isiyo na sukari ni chai alipaswa kufungwa jela. Mama hakuwapo asubuhi. Alikuwa akitoka alfajiri kwenda kufua mashuka katika nyumba ya wageni, akirudi jioni na mikono iliyokunjamana kama ganda la boga lililokaa juani. Kwa hiyo chumba cha bibi kilikuwa kazi ya mtoto.

"Unatafuta nini huko chini, mke mwenzangu?" bibi aliuliza kutoka kitandani. Ndivyo alivyomwita mjukuu wake kwa utani.

"Vumbi, bibi."

"Vumbi halitafutwi. Lenyewe hujileta."

Msichana alirudisha chupa mahali pake, akamaliza kufagia. Lakini njia nzima ya kwenda shule alikuwa akiufikiria ule mchanga. Bomba la mtaani halitoi mchanga mweusi. Mto wanakofulia watu una matope mekundu. Mchanga wa namna ile ulikuwa mahali pamoja tu, na mahali hapo alipajua vizuri: ni chini ya maporomoko, kwenye ufa unaotoa maji vuguvugu.

Nyumbani na shuleni walimwita Nong'ona. Mwalimu akimwita asome kwa sauti, sauti yake haikufika dawati la pili. Mjomba wake, kaka yake mama, yeye aliitwa Redio, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Majirani walicheka kwamba nyumba ile imepata bahati mbaya ya kugawiwa vibaya: mmoja hazimiki, mwingine hawaki.

Redio alikuwa mwongoza wageni kwenye maporomoko. Kazi hiyo ilimfaa kama kiatu cha kupimwa. Wageni wakishuka garini, wao husikia kwanza mngurumo, lakini hawaoni kitu. Redio aliwapitisha kwenye njia nyembamba, akiwaambia watazame miguu yao tu, mpaka pale njia inapokata kona. Hapo alisimama kando na kusema, "Haya, inueni macho."

Hata Nong'ona, aliyepaona mara nyingi, alishika pumzi kila mara. Ukuta mrefu wa mawe meusi ulisimama mbele yao, na mawe yenyewe yalikuwa nguzo, zimebanana bega kwa bega, kila moja na pembe zake zilizonyooka, kama penseli zilizojazwa ndani ya kopo. Nguzo nyingine zilikuwa zimeinama. Nyingine zilikatika zamani na kubaki visiki, vikawa ngazi za kushukia. Katikati ya weusi ule maji yalianguka meupe, marefu, yakapasuka chini na kurudi juu kama moshi. Mwalimu aliwahi kuwaeleza kwamba hapo zamani palimwagika uji wa mawe uliotoka tumboni mwa dunia ukiwa moto, na ulipopoa ulipasuka kwa mistari, kama tope la shamba linavyopasuka kiangazi. Redio hakuyataka maelezo hayo. Alisema yana ukweli mwingi na utamu kidogo.

Chini kabisa, upande wa kushoto, kati ya nguzo mbili palikuwa na ufa. Humo yalivuja maji kidogo yenye uvuguvugu na harufu ya kiberiti kilichotoka kuwashwa, yakipita juu ya mchanga mweusi mpaka kwenye dimbwi kubwa.

Mambo yalianza wakati wa likizo iliyopita, Nong'ona alipomfuata mjomba kazini. Miongoni mwa wageni alikuwapo mama mmoja mnene mwenye miwani na goti bovu. Mama yule aliingiza mkono kwenye maji ya ufa, akashtuka kuyakuta na joto, akauliza sababu. Redio hakuijua. Na Redio aliamini kwamba mwongoza wageni anayesema "sijui" ni sawa na kinyozi asiye na wembe. Basi akakohoa kidogo, akasema hayo ndiyo maji ya dawa. Wazee wa zamani walikuwa wakiyanywa na kuogea. Goti, mgongo, presha, sukari, vidonda visivyopona, vyote vilikuwa vikiisha.

Yule mama alicheka, akageuka akamtazama Nong'ona. "Ni kweli, binti?"

Mjomba alimkonyeza. Nong'ona alihisi macho ya wageni wote yamemshukia. Kusema hapana kungekuwa kumvua mjomba nguo mbele za watu. Kusema ndiyo kungekuwa uongo. Akaitikia kwa kichwa, mara moja tu, kisha akatazama chini. Alijiambia kwamba mdomo wake haukufunguka, kwa hiyo hajasema uongo.

Walipokuwa wakipanda kurudi, mjomba alimpigapiga begani. "Umeniokoa. Mgeni haji kutazama maji, mwanangu. Maji anayo bombani kwao. Mgeni anakuja kusikia hadithi."

Tangu siku hiyo hadithi ilipata miguu. Waongoza wageni wengine waliichukua. Mkuu wao alitundika kibao kilichoandikwa MAJI YA DAWA, chenye mshale. Watu wa mbali walianza kuja na madumu.

Jioni ya siku ile alipouona mchanga, Nong'ona alingoja bibi asinzie, akapanda kiti na kushusha kopo la maziwa lililokaa juu ya kabati. Vidonge vya bibi vya ugonjwa wa sukari vilikuwa humo. Mwezi ulikuwa ukingoni na vidonge vilipaswa kuwa vimekaribia kwisha, lakini kopo lilikuwa zito. Akalirudisha, akashuka, akasimama pale chumbani bila kujua mikono yake aiweke wapi. Bibi alikuwa na kidonda kwenye kisigino, kidogo tu, kilichotokana na kiatu. Muuguzi wa zahanati alikuwa amesema kisafishwe kila siku, kikauke, na vidonge visikose hata siku moja. Kisigino hicho sasa kilikuwa ndani ya soksi, na bibi hakuwa mtu wa kuvaa soksi.

Kesho yake shuleni alimngoja Pilipili atoke kununua maandazi ya mapumziko. Pilipili alikuwa binti wa mama fundi cherehani, jirani yao aliyemtuma kwa bibi mara kwa mara, na yeye na Nong'ona walikaa dawati moja. Ulimi wake ndio uliompa jina. Nong'ona alimuuliza kama yeye ndiye anayempelekea bibi maji.

"Mimi," alisema Pilipili huku akitafuna. "Mama ananituma, bibi yako anataka. Kwani kuna nini?"

"Usimpelekee tena."

"Sema kwa sauti, mbu wewe, sikusikii."

Nong'ona akarudia. Pilipili akaacha kutafuna. Alitaka kujua tangu lini Nong'ona amekuwa daktari. Kisha akaeleza, kama mtu anayemweleza mtoto mdogo, kwamba mama mmoja mwenye miwani alikuja kushonesha gauni, akamwambia fundi kwamba goti lake limepona kwa maji ya ufa. Fundi hakuamini mara moja. Lakini yule mama alimwapia kwamba hata mtoto mdogo wa hapa hapa aliulizwa, naye akakubali kwa kichwa. Fundi alimpelekea bibi habari hiyo akiwa amefurahi, kama mtu aliyeokota pete.

"Na mjomba wako si ndiye anayewapeleka watu?" Pilipili alimalizia. "Kama ni uongo, kamuulize yeye."

Nong'ona alirudi nyumbani akiwa amechoka kana kwamba amebeba kuni. Alimkuta bibi ameketi kitandani, mguu ndani ya beseni, anauosha kwa maji ya chupa. Bibi hakuficha tena. Alimwomba tu asimwambie mama yake, kwa sababu mama yake ana kazi nyingi na ana kelele nyingi. Alisema vidonge vinamtia kichefuchefu, na maji haya hayana uchungu wowote, tena yana joto zuri kama mkono wa mtu.

"Na mjomba umemuuliza?" Nong'ona alinong'ona.

Bibi alicheka. "Redio? Mwanangu huyo nikimuuliza ni saa ngapi, atanihadithia jua lilivyozaliwa. Hapana. Mimi nimeamini kwa sababu ya yule mtoto. Watu wazima tunadanganyana, lakini mtoto ana sababu gani ya kudanganya?"

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema. Nong'ona alichukua beseni, akaenda kumwaga maji nje.

Hakulala vizuri. Asubuhi yake alifanya jambo ambalo kwake lilikuwa kubwa: aliimwaga chupa, akaijaza maji ya bomba yaliyochemshwa na kupoozwa. Bibi alinusa mara moja tu. Aliporudi kutoka shuleni, Nong'ona alimkuta amemwita Pilipili na kumgombeza kwamba ni mvivu, amechota maji bombani akaleta akidhani wazee hawana pua. Pilipili alilia kwa hasira, akamtazama Nong'ona kwa jicho baya, na tangu hapo alihakikisha chupa inajaa mpaka shingoni.

Basi Jumamosi, Nong'ona akaenda maporomoko.

Mvua ilikuwa imenyesha juu milimani na maji yalikuwa mengi. Nguzo nyeusi zilikuwa zimelowa, zinang'aa kama ngozi ya mnyama aliyetoka kuoga. Pembeni kwenye ufa watu walikuwa wamepanga foleni na madumu yao. Mzee mmoja alikuwa anampaka mkewe, kipofu, kiganja cha maji usoni. Juu kabisa, pale maji yanapoanzia kuanguka, Nong'ona aliona ng'ombe wamesimama mtoni wakinywa, na mmoja anajisaidia humo humo majini.

Alimngoja mjomba mpaka wageni walipoanza kupiga picha. Akamvuta mkono wa shati. Alimwambia yote, haraka, kabla sauti haijamtoroka: chupa, mchanga, kopo la vidonge, kidonda ndani ya soksi.

Mjomba aliwapa wageni mgongo, akainama amsikie vizuri. Kwa dakika ile Nong'ona alifarijika, akidhani amemaliza kazi. Uso wa mjomba ulikuwa umebadilika kweli. Alikuwa akimpenda mama yake, hilo halikuwa na shaka. Lakini mara mkuu wa waongoza wageni alimwita kwa mbali, akimwambia kuna basi zima linakuja na wote wanataka maji ya dawa. Redio akaangalia kibao, akaangalia foleni, akajipangusa uso.

"Sikiliza," alisema kwa sauti ya chini. "Nitamwambia mwenyewe. Ni mama yangu, au si mama yangu? Lakini siyo leo. Nikisema leo kwamba ni uongo, nitamwangalia nani usoni hapa? Watanicheka mpaka watoto wao. Ngoja msimu huu wa wageni upite. Maji hayajawahi kumuua mtu."

"Na mguu, mjomba?"

"Bibi yako ana mifupa ya chuma. Ngoja tu. Na usimwambie mama yako, tutaelewana wenyewe." Kisha akatabasamu lile tabasamu lake, akamsukuma kidogo begani, akarudi kwa wageni.

Nong'ona akangoja. Alikuwa ameambiwa na mkubwa angoje, na alikuwa mtoto wa kutii. Alingoja huku akisikia harufu chumbani ikibadilika. Mwanzo ilikuwa harufu ya kiberiti, kisha ikawa tamu tamu, ya kitu kilichoiva kupita kiasi. Alifungua madirisha mapema zaidi. Alifagia mara mbili. Mama alirudi usiku akiwa amechoka, akamsalimia bibi kutoka mlangoni, na bibi alijifunika shuka mpaka kiunoni akasema hajambo. Mjomba alipita siku za Jumapili na matunda, akasimulia vituko vya wageni mpaka bibi akashika mbavu kwa kucheka. Alipoondoka, Nong'ona alimtazama. Mjomba alimwonyesha kiganja, maana yake bado kidogo.

Asubuhi moja bibi alishuka kitandani, akaanguka. Hakulia kwa maumivu, na hilo ndilo lililomtisha Nong'ona kuliko yote, kwa sababu alipoivuta soksi aliona kisigino kimekuwa cheusi mpaka kwenye kifundo, na bibi hakusikia hata alipokigusa. Alipiga kelele. Jirani zake walisema baadaye kwamba hawakujua ni nani, hawakuwahi kuisikia sauti ile.

Hospitali walikaa kwenye benchi refu. Daktari alimweleza mama kwa upole, lakini bila kuficha. Ugonjwa wa sukari huua hisia za miguu, kwa hiyo mgonjwa hasikii kidonda kinapoharibika. Kukilowesha kila siku kwa maji ya vuguvugu yasiyo safi ni kukifungulia mlango. Na bila vidonge, damu yenyewe ilikuwa imegeuka chakula cha wadudu. Mguu haukuweza kuokolewa. Wangeukata chini ya goti ili kumwokoa mwenye mguu.

Mama aliuliza kama hakuna njia nyingine. Daktari alisema ilikuwapo, majuma machache yaliyopita.

Mjomba alikuwa amesimama kando ya ukuta. Alisikia neno hilo. Nong'ona alimwona akilisikia.

Bibi alirudi nyumbani amekonda, na shuka lake upande mmoja lilikuwa bapa. Kwa wageni waliokuja kumpa pole alitania kwamba mguu mmoja umetangulia, huu mwingine bado unaaga watu. Walicheka kwa sababu alitaka wacheke. Walipoondoka alikuwa akitazama ukutani.

Siku muuguzi wa zahanati alipokuja kubadilisha bandeji, wote walikuwapo chumbani: mama na mkoba wake wa kazini bado begani, fundi cherehani ambaye macho yake yalikuwa mekundu, mjomba mlangoni, na Nong'ona akishika beseni. Muuguzi alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alifunga bandeji, akaosha mikono, akasema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Safari hii kifo kimechukua mguu, kikarudi. Kisirudi tena."

Mama aligeuka. Hasira yake ilikuwa imetafuta mahali pa kutua kwa siku nyingi.

"Wewe ndiye unayefagia humu kila asubuhi," alimwambia Nong'ona. "Chupa ilikuwa chini ya kitanda. Hukuiona? Mdomo ulipewa wa kulia tu?"

Nong'ona alitazama maji kwenye beseni. Alikuwa tayari kunyamaza. Alikuwa amezoea, na lawama ile angeibeba, kwa sababu sehemu ya lawama hiyo ilikuwa yake kweli. Lakini mjomba akakohoa pale mlangoni.

"Mwache mtoto, dada," alisema kwa huruma. "Angejuaje? Hakuna aliyejua."

Nong'ona aliliweka beseni chini.

"Nilijua," alisema.

Sauti haikuwa kubwa, lakini chumba kilikuwa kidogo.

"Nilijua, na nilimwambia mjomba. Nilikwenda maporomoko nikamwambia mguu wa bibi una kidonda na maji yale ni ya uongo. Akaniambia ningoje msimu wa wageni upite." "Na yule mtoto aliyeitikia kwa kichwa, bibi, ni mimi. Mjomba alikuwa anatunga, na mimi nikaitikia."

Fundi cherehani alijifunika mdomo kwa mkono. Mama aliketi kwenye ukingo wa kitanda taratibu, mkoba bado begani, akamtazama kaka yake kama mtu anayemtafuta ndani ya umati.

"Baba," bibi alimwita mwanawe, kama alivyomwita tangu utotoni. "Ni kweli?"

Redio alitoka mlangoni, akasogea karibu na kitanda. "Ni kweli, mama. Maji yale niliyasema mimi. Hayajamponya mtu yeyote."

"Goti la yule mama je?" aliuliza fundi, karibu kama anaomba.

"Sijui," alisema Redio.

Bibi aligeukia ukuta. Siku ile hakusema na mtu, hata na mke mwenzake.

Mjomba alikwenda maporomoko kesho yake, akakiangusha kibao mwenyewe. Mkuu wake alimtukana mbele ya wageni, wenzake wakamwita msaliti, kwa sababu foleni ya madumu ilikuwa imewafaa wote. Wengine wanaendelea kuwaambia wageni ile hadithi kwa siri mpaka leo, kwani uongo ukishashuka mtaani haumjui tena aliyeuzaa. Redio anawapeleka wageni wachache. Wakifika kwenye kona anawaambia wainue macho, na wakimuuliza kwa nini maji ya ufa yana joto, anasema hajui, ila yasinywewe wala yasiguswe na mwenye kidonda. Kila asubuhi kabla ya kazi huja kumbeba bibi na kumketisha barazani apate jua. Hadithi hasimulii. Bibi anameza vidonge vyake mbele ya Nong'ona, na kidonda cha pale walipokata kimefunga vizuri.

Asubuhi moja ya Jumapili walikuwa barazani watatu. Mjomba alikuwa anatengeneza gongo la kutembelea, anapiga msasa pale pa kushikia pasimchubue bibi. Nong'ona alimenya chungwa. Bibi alimtazama mjukuu wake kwa muda, kisha akasema jambo ambalo ilikuwa dhahiri amelifikiria kwa siku nyingi.

"Ulikosea, mke mwenzangu, na sitakudanganya kwamba hukukosea. Kichwa nacho kinasema uongo, siyo mdomo peke yake. Lakini ulipojua, ulisema, na waliokuzidi umri hawakukusikia. Hapo kosa si lako. Ila jifunze hili, ukawafunze na wenzako shuleni. Ukimwona mtu anakanyaga moto, usimwambie aliyeuwasha ukangoja auzime. Mwambie anayeukanyaga. Asiposikia, mwambie wa pili, na wa tatu. Mkubwa akikuambia ungoje, na mtu anaungua, usingoje. Hiyo siyo heshima."

Nong'ona aliitikia, "Ndiyo, bibi," kwa mdomo.

"Na wewe, baba," bibi aliendelea bila kumtazama mwanawe, "neno 'sijui' lingekuwa jepesi sana siku ile. Halikuwa na uzito hata wa karanga."

"Ndiyo, mama," alisema mjomba. Msasa ulikuwa umesimama mkononi mwake.

Bibi alichukua kipande cha chungwa, akakitafuna, akamuuliza mjukuu kama kuna lingine lililobaki moyoni, maana ametoka kumfundisha kusema, isiwe kazi bure. Alidhani labda ataombwa ruhusa ya kwenda kucheza, kwa kuwa Pilipili alikuwa ameanza tena kusalimiana naye.

Nong'ona alisema lipo. Akafuta mikono kwenye sketi, akamgeukia mjomba wake, ambaye alikuwa akimpenda na aliyemnunulia viatu vyake vya shule, akamtazama machoni mpaka mjomba akaangalia chini.

"Sijakusamehe, mjomba," alisema.